Uzi wa Kosal

Jumatatu, 5 Aprili 1999
Battambang, siku nzima kwa gari kutoka Phnom Penh. Joto la kumchemsha mtu. Dada Chenda katupokea, mimi na mume wangu Borin, kwa machozi na maembe mabichi yenye chumvi ya pilipili. Nchi imenizaa, na bado naingia kwa viza na pasipoti ya Ufaransa, kama mgeni! Kesho tunamwona mtoto tunayetaka kumwasili. Dada ndiye aliyemtafuta. Yatima kabisa, anasema, hana baba wala mama. Namwamini. Alinibeba mgongoni mpaka mpakani wakati wa vita. Nisipomwamini yeye, nimwamini nani?

Jumanne, 6 Aprili
Nimemwona. Kosal, miaka miwili, tumbo mbele. Alikutanisha viganja kunisalimu kama mzee, kisha akaninyang'anya miwani. Nimekwisha.

Mkononi ana uzi mwekundu uliopauka, karibu kukatika. Mama alinifunga kama huo tulipokuwa tunakimbia, ili roho yangu isipotee njiani. Nilipouona nikalia. Borin akatazama pembeni.

Alhamisi, 8 Aprili
Anakula mkononi mwangu. Uji na samaki mkavu, ndiyo. Yai, hataki hata kuliona. Borin hamshiki. Eti tusimzoee haraka. Mume wangu akiogopa namjua, na huyu haogopi. Anakwepa kitu.

Jumapili, 11 Aprili
Tumezuiwa kwenda. Mama Yean, msimamizi wa nyumba ya watoto, anasema wanafanya usafi wa mwaka mpya wetu wa Aprili. Siku nzima nimeudhika bure hotelini.

Jumatatu, 12 Aprili
Uzi ni mpya. Mwekundu wa kung'aa.

Nikamuuliza Mama Yean nani kamfunga. Mtawa, kasema. Akaanza kukunja nepi zilizokwisha kukunjwa. Lakini ndani ya fundo umenasa unywele mrefu, mweusi. Watawa wetu wa Kibudha wananyoa mpaka nyusi.

Nikamfuata Dada sokoni, kwenye meza yake ya vitambaa.

"Kosal ana mama?"

"Nani hana mama, mdogo wangu?"

"Dada, usinichezee. Yuko hai?"

Akampimia mteja kitambaa mpaka mwisho, akamfungia, akamuaga. Ndipo akanigeukia. "Yuko hai. Mao, anabeba matofali tanurini. Kamweka pale mtoto apate kula, kama wenzake wote. Wewe ulidhani nyumba nzima ni yatima?"

"Anajua tunamchukua moja kwa moja?"

"Anajua unampeleka shule. Na usinikodolee macho mimi, kamuulize mumeo. Anajua tangu Januari. Yeye ndiye aliyesema usiambiwe."

Borin hakukana. "Ungekataa, Phalla," alisema. "Ungekataa, halafu ungelia mwaka mwingine mzima. Nimechoka kukuona unalia."

Watu wawili niliowaamini kuliko wote wamekaa wakanipangia furaha, kama anavyopangiwa dawa mgonjwa asiyejitambua. Nawachukia wote wawili. Nimemwambia Borin alale sakafuni. Kalala, na wala hakubisha. Hilo nalo limeniudhi.

Jumanne, 13 Aprili
Sisemi na mtu. Kesho nitamwambia mama wa mtoto kila kitu, wapende wasipende.

Jumatano, 14 Aprili
Mwaka mpya. Uani watoto wanapakana poda na kumwagiana maji. Nyumba ya yatima imejaa akina mama.

Mao ni msichana tu. Matofali yamemla kucha. Akapiga magoti mbele yangu kabla sijafungua mdomo.

"Shangazi, akilia mguse sikio, atanyamaza. Yai usimlazimishe."

"Najua," nikasema. Kwa nini nilisema najua?

Akatoa uzi mwekundu, akanifunga mkononi. Nywele zake zinaangukia usoni anapoinama. "Na wewe roho yako isipotee huko mbali. Mtamrudisha mwaka mpya upi, Shangazi?"

Maneno nilikuwa nayo, nimeyapanga tangu juzi. Kosal alikuwa kanishika sketi.

"Ujao," nikasema.

Bila kupepesa macho. Mao akanishukuru mpaka kichwa kikagusa sakafu. Nyuma yake Dada Chenda akanitazama, akatabasamu, kama mtu aliyepata mwenzake.

Sasa tuko hotelini na Kosal, kalala kitandani. Borin anaita kutoka chini, gari la kwenda Phnom Penh limefika, mizigo iko ndani, kilichobaki ni sisi. Bado naandika. Uzi unanibana. Mao atakuwa bado yuko njiani, anarudi tanurini kwa miguu, gari lingemfikia.

Kosal ameamka, analia, anaita mama. Haniiti mimi.

Nimemgusa sikio. Amenyamaza.