Kufuli la Mbao Lililovimba

Mlango wa Nyuma, Jumba la Makumbusho,
Suzhou.
2 Julai 1998

Mpendwa Kaka Guanrong,

Leo ni miezi minne na siku kumi na mbili tangu niondoke nyumbani. U hali gani? Kifua kimepoa, au vumbi la matofali bado linakusumbua? Shemeji Meilian hajambo? Mimi mzima, ila mgongo unauma, na kwa mvua hizi nguo hazikauki.

Nimepata kibarua cha kubeba makasha na kupigilia meza za maonyesho. Yanayoonyeshwa ni mafumbo ya mikono: pete tisa zilizofungamana, visanduku visivyo na mlango, na makufuli ya mbao kama ya kwetu, vipande sita vilivyokumbatiana bila msumari wala gundi. Watu wanapanga foleni kutazama vitu tulivyochezea chini ya meza ya Baba.

Wiki iliyopita kufuli moja lilikataa kufunguka. Mzee mmoja mnene akapiga kelele, "Mmelitia gundi hili! Matapeli nyie!"

Bi Fei, mtunza vitu, akamjibu, "Gundi ya nini, mzee wangu? Mti umekunywa unyevu, umevimba. Kwani hilo tumbo lako nalo lilitiwa gundi?"

Watu wakacheka, mimi nikashindwa kucheka. Bi Fei alilianika kufuli karibu na taa, na siku ya tatu likafunguka kwa vidole viwili.

Kaka, acha niseme. Lile kufuli ulilochonga ili Baba akupime na kukukabidhi msumeno wake, nililichukua bila kukuomba. Nikalisahau nyuma ya banda la bata, likanyeshewa siku mbili. Nikalifuta, nikalirudisha kimya kimya.

Baba alipolijaribu, hakikutoka hata kipande. Akakunusa mikono, ikanuka gundi ya kile kiti ulichotengeneza asubuhi. "Fundi wa gundi wewe!" akasema mbele ya majirani, akalitupa motoni. Lingeachwa likauke, lingekutetea. Mimi nilisimama palepale, kijana wa miaka kumi na sita mwenye ndevu zake, nikatazama miguu yangu.

Msumeno nikapewa mimi. Ufundi sikuuweza, sasa una kutu. Wewe uko kaskazini mwaka wa tisa huu unachoma matofali, na Baba hataji jina lako.

Sikuombi unisamehe upesi. Kasirika, ni haki yako.

Msalimie sana Shemeji, na umbusu Xiaolan, mpwa wa Shemeji niliyesikia mnamlea. Shangazi Cuiying anawakumbuka. Mbingu ziwape afya na kuni kavu.

Nitafika nyumbani tarehe 11 Februari, siku tano kabla ya Mwaka Mpya wetu. Nitamwambia Baba kabla sijatua mzigo. Ukiweza, uwepo usikie. Usipokuja, nitamwambia vilevile.

Ndugu yako akupendaye, ingawa kwa kuchelewa,
Guansheng