Imebaki Aosta

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo, Dar es Salaam.
16 Julai 1995

Kwa dada yangu mpendwa Josepha,

Shikamoo dada. Naandika nikiamini kwamba ule mguu umeacha kukusumbua na sasa unakwenda kanisani kwa kukanyaga mwenyewe bila kushikwa mkono. Shemeji Theophil naye kifua chake vipi? Na yule ng'ombe aliyekuwa karibu kuzaa, kazaa salama? Watu wa basi wameniambia kwamba wanunuzi binafsi wa kahawa sasa wanapita hadi migombani huko Kibosho na mizani yao mabegani. Mwambie shemeji asimuuzie wa kwanza kubisha hodi. Awasikilize wawili watatu, ndiyo biashara huria hiyo, na sisi huku tumeshaizoea.

Hapa kwetu hatujambo wote. Baba Vicky yuko bandarini kama kawaida, makontena yamekuwa mengi mpaka chakula cha mchana anakila jioni. Duka langu la vitenge na mashuka linakwenda vizuri, na nasema hivi bila kujisifu: wateja wa jumla wa kutoka Lindi hata Tabora wakishuka tu kwenye gari wanauliza Mama Vicky yuko wapi. Na elimu yangu ni ile ile ya darasa la saba unayoijua. Kwa hiyo usinionee huruma, niko imara.

Sasa nije kwenye lile uliloniuliza. Najua hukuuliza peke yako, umetumwa na watu wa huko. Mnataka kujua Vicky anaongea na Wazungu kwenye mtambo kwa faida gani, na kama analipwa. Halipwi, dada. Hata senti. Ngoja nikueleze vizuri ili ukawaeleze na wewe Jumapili baada ya misa, maana kuna mengine huko mbele ya barua yanahitaji uelewe hili kwanza.

Redio ya Vicky si ya kusikiliza taarifa ya habari. Ni ya kusikia na kujibu. Yeye anasema huku, mtu wa Italia anamjibu pale pale, bila simu wala posta. Wala si jambo la kujificha. Ana leseni ya serikali, aliifanyia mtihani kabisa, na amepewa jina la hewani lenye namba na herufi kama gari. Aliyemfundisha ni Mzee Harilal, Mhindi anayeuza vipuri vya redio hapa chini ya nyumba tunayopanga. Yeye alianza mchezo huu tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na watoto wake, Gaurav na Trupti, hawakuutaka. Siku moja nikamtuma Vicky fyuzi kwake. Alirudi jioni, na mpaka leo sijui kama fyuzi yenyewe aliileta. Tangu hapo, akitoka chuo cha ufundi ni kwa Mzee Harilal, na akitoka kwa Mzee Harilal ni kwenye ile redio kuukuu aliyoachiwa naye.

Watu hawa wa redio wana tuzo zao. Chama cha nchi fulani kinasema, ukizungumza na watu wa kila mkoa wa nchi yetu, na kila mmoja akakutumia kadi kukubali kwamba mlizungumza, tutakupa cheti. Vicky akachagua Italia. Mikoa yao ni ishirini. Na usidhani ni yeye anayewatafuta. Ni wao wanaomgombania, kwa sababu Watanzania hewani ni wachache mno. Akitaja jina lake mara moja tu, wanamwangukia wote kwa pamoja kama wanawake wa hapa robota la mitumba linapofunguliwa. Mimi nimekaa pembeni nikasikia kwa masikio yangu haya. Wanaume watu wazima, wengine kwa sauti ni mababu, wanamwita binti yangu, na yeye anawatuliza mmoja mmoja. Huo utulivu unajua ameutoa wapi.

Mimi Italia yote nimeijua kwa njia yangu. Kila mkoa alioupata nilimuuliza Padre ni mtakatifu gani wa huko. Piemonte ni kwa Don Bosko. Toscana ni kwa Katarina wa Siena, na Umbria ni kwa Fransisko na Klara, na Rita vilevile. Sicilia ni kwa Agatha. Siku hizi Vicky akisema jina la mkoa mimi namjibu kwa mtakatifu, na Mzee Harilal anacheka mpaka anafuta miwani. Mwaka huu kufika Pasaka kadi zilikuwa zimejaa ukuta wa chumbani kwake, na ukabaki mkoa mmoja tu: Bonde la Aosta. Padre akaniambia huko ndiko alikozaliwa Mtakatifu Anselmo, na kwamba ni kwenye milima mirefu yenye theluji, watu wachache. Nikamwambia Vicky asiwe na wasiwasi, hao ni watu wa mlimani kama sisi, watajitokeza wakiwa tayari.

Lakini wasiwasi ulikuwepo, dada. Nyumba yetu imeuzwa. Walioinunua ni matajiri wapya wa siku hizi, wanataka kuibomoa wajenge ghorofa sita, na tumeambiwa sote tuwe tumetoka kabla ya Agosti, Mzee Harilal na duka lake pia. Antena ya Vicky ni waya mrefu unaotoka kwenye paa letu, unavuka mtaa, unafungwa kwenye paa la ghala la Mzee Harilal. Huko Ilala tunakohamia tumepata vyumba vya chini, uani, na mwenye nyumba hataki hata kamba ya nguo ionekane juu. Kwa hiyo ikawa ama Aosta apatikane tukiwa hapa, ama hizo kadi kumi na tisa zibaki mapambo.

Na kulikuwa na televisheni. Tangu zianze kuingia madukani, kila mwenye uwezo kanunua. Sasa Vicky akisema kwenye redio, sauti yake inaingia kwenye televisheni za jirani. Siku ya kwanza Evarista wa chumba cha mbele huko chini alikuja mbio, kanga moja, anasema binti yangu anaongea Kiingereza ndani ya kioo chake na picha imekuwa mistari. Wengine wakasema ni uchawi. Mzee Harilal akaja, akawapoza, wakaelewana hivi: wakati wa taarifa ya habari, mchezo wa kuigiza na mpira, Vicky asikilize tu, asiseme. Akakubali, na hajawahi kuvunja. Amekaa na Wazungu wakimwita, kanyamaza, anasubiri mchezo wa kuigiza uishe.

Basi mwezi wa tano, Jumapili moja alasiri, tumetoka kula, namsikia Vicky kaita Mama kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Nikaingia. Kuna mzee anaongea taratibu, anajitaja, na Vicky kanishika mkono ananiambia ni Aosta. Jina lake Marcelino. Alikuwa anauliza kama yupo mtu yeyote anayemsikia. Na Vicky hawezi kumjibu, kwa sababu kwa Evarista kumejaa vijana wa mtaa mzima wanaangalia mpira. Nikamwambia mjibu tu, mechi zipo kila wiki. Akasema ameahidi.

Nikashuka mwenyewe. Nikaenda nikasimama mbele ya televisheni, unanijua nilivyo, sehemu kubwa ya kioo ikawa imeisha. Nikawaambia naomba dakika tano za Tanzania. Mmoja akasema, "Mama Vicky, umesimama golini." Mwingine akasema nihamie upande wa wapinzani, nizibe lile goli lingine. Nikawaahidi soda, kreti nzima, wakashauriana kama bunge, wakakubali mradi nisimame palepale nisiondoke ili niwe mdhamini. Nikapiga kelele dirishani, sema sasa. Picha ikawa mistari, na ndani ya kelele zile tukasikia sauti ya Vicky inatoka kwenye televisheni, inamwita yule mzee kwa jina lake la hewani. Chumba kizima kikainama kusikiliza. Hawa vijana wa Kariakoo wasiomsikiliza mtu hata msibani.

Kisha umeme ukakatika. Mtaa mzima, kama ilivyo siku hizi za mgao. Mpira ukaenda, redio ikaenda. Hakuna aliyepata chake siku hiyo, na soda nilinunua.

Baada ya wiki tatu ikaja kadi kutoka Aosta. Ina picha ya mlima mweupe, na nyuma yake yule mzee ameandika kila kitu: tarehe, saa, jina la Vicky la hewani, na ile namba wanayopeana kumwambia mwenzako unamsikia vizuri kiasi gani. Kumbe alimsikia vizuri tu kabla umeme haujakatika. Siku hiyo sikufungua duka. Mzee Harilal alileta laddu, zile tamutamu za Kihindi za mviringo, sahani nzima, Evarista akapiga vigelegele, jumuiya ilikuja kusali nyumbani kwetu, na mimi nikakimbia posta kukupigia simu kule parokiani kukwambia Vicky kamaliza Italia. Nikasikia baadaye kwamba shemeji alichinja mbuzi na mkaalika mpaka watu wa Uru.

Dada, nakuomba ukae chini hapa. Cheti hakipo. Hakijaja, na sasa hivi hakiji.

Vicky hakuituma ile kadi kwa chama cha Italia. Siku mbili nilidhani anasubiri stempu. Ya tatu nikamuuliza, akaniambia, "Mama, yeye alinisikia mimi. Namba aliyonipa mimi sikuisikia, umeme ulikata kabla. Hatukuzungumza, alinisikia tu."

Nikamwambia kadi imeandikwa kwa mkono wa mwenyewe, imeletwa na posta ya serikali, wewe ni nani wa kuikataa. Akasema sheria yao ni kwamba lazima wote wawili wasikiane na kupokea zile namba, na anayejua kwamba hakupokea ni yeye peke yake, kwa hiyo ni yeye wa kusema. Nikampeleka kwa Mzee Harilal nikidhani nitapata mtetezi, maana yeye laddu alishazigawa. Mzee akaigeuza kadi, akautazama ule mlima. Akasema Italia hakuna mtu atakayejua, na kwamba kwa miaka yote amewaona wengi wakituma za namna hii. Halafu akamrudishia kadi mkononi Vicky, si mimi, akaendelea kufunga vipuri vyake kwenye maboksi ya kuhamia.

Sikufichi, mimi ningeituma. Mpaka leo ningeituma. Nilimnunia siku nzima, na baba yake akaniambia nisimsumbue mtoto, nikamnunia na yeye. Kilichonimaliza ni wateja. Wanakuja dukani wanauliza, Mama Vicky, cheti cha Italia kiko wapi tukione. Nikawa nasema kiko njiani. Siku moja mama mmoja wa Morogoro akauliza, na Vicky yuko pale ananikunjia vitenge, nikaona aibu kudanganya mbele yake. Nikamwambia yule mama kwamba kadi tulipata, lakini binti yangu ameikataa. Akashangaa, akauliza ameikataa kwa nini. Nikaanza kumweleza, na nilipofika katikati nikagundua najitapa kuliko siku ile ya laddu. Huwezi kuniamini, hata kitenge alinunua kingine.

Sasa sikiliza la muhimu. Vicky alimwandikia yule Mzee Marcelino ukweli wote, akamrudishia na kadi yake, na jibu limefika juzi. Anasema hajawahi kurudishiwa kadi tangu aanze mchezo huu, na kwamba yuko tayari kujaribu tena. Kila Jumamosi ya mwezi wa nane, alasiri ya saa zetu, atakuwa kilimani juu ya kijiji chake na redio, atamwita Vicky kwa jina. Sisi huku waya tumeshaushusha Alhamisi, na watu wa bomoabomoa wamekwishapima. Kwa hiyo anakuja kwako. Anakuja na redio, na betri ya gari ili asimtegemee mtu wa umeme, na waya wake begani. Anahitaji miti miwili mirefu, na nimemwambia ile migrivelia miwili ya getini kwako inatosha. Shemeji aliniambia anataka kuikata mbao. Mwombe asiikate mpaka Septemba. Na televisheni, kama ipo kwa jirani, waambie mapema.

Na wale waliokula mbuzi wasihangaike. Waambie mbuzi yule alikuwa wa Vicky, si wa cheti, na Vicky anakuja mwenyewe wamwone. Jumamosi atakapokuwa hewani waje wakae kimya uani wasikilize. Aosta akijibu, wewe mwenyewe utamsikia, na akishamaliza kutoa namba yake umuulize Vicky kama ameipata. Asiposema ndiyo, usipige vigelegele.

Msalimie shemeji Theophil, msalimie Melkiori na mkewe, wabusu watoto wote kwa niaba yangu. Baba Vicky anawasalimu, Mzee Harilal naye anasema mlima wenu anautamani tangu ujana. Vicky anakuamkia shikamoo, atakuletea kitenge nilichokuchagulia mwenyewe, cha bluu, usimpe mtu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Euphrasia, Mama Vicky