Matone Mawili ya Theodosia

Nyamigogo, 3/3/2025

Dada Keza, shikamoo.

Za Dar? Mimi mzima, vidole vyote kumi vipo. Hapa banda la nyoka wananiita Dokta. Wewe una digrii, mimi niliishia kidato cha pili, ila bila mikono yangu maabara yenu ingechemsha maji tu. Kifutu wetu mkubwa nimempa jina la mwalimu wangu wa hesabu, Theodosia. Namkaba shingo, anang'ata kichupa, sumu inashuka. Barua hii inasafiri na vichupa vyake kwenye boksi la barafu. Mama anakusalimu toka Bugarama.

Mdogo wako,
Dokta Niyongabo

Dar es Salaam, 20/3/2025

Marahaba, mdogo wangu.

Sijambo, ila usingizi sina. Ndani ya sumu ya Theodosia kuna peptidi moja, kipande kidogo cha protini. Lazima igande kama chembe ya chumvi, tuipige mionzi, tuone umbo lake. Tukilijua, tutaanza kutengeneza dawa ya kuzuia damu kuganda mishipani. Tangu Januari inagoma kuganda. Profesa anasema naichafua. Huko unakamua vizuri?

Dada yako,
Keza

Nyamigogo, 2/4/2025

Dada, shikamoo.

Hivi unamuuliza bingwa kama anajua kazi? Angalieni friji yenu. Mimi sitoki hata Jumapili, mwenzangu Ferdinand kaacha kazi na funguo za milango yote miwili ninazo mimi. Mambo ya vichupa tuyaache. Mama hajambo.

Mdogo wako,
Niyongabo

Dar es Salaam, 5/5/2025

Niyo,

Nisamehe, salamu sina. Sumu ina protini ambayo kifutu hana. Profesa anasema nimechanganya mimi. Tarehe 23 meza yangu anapewa mwingine, narudi nyumbani. Niambie nilikosea wapi.

Dada yako

Nyamigogo, 12/5/2025

Dada Keza, shikamoo.

Hukukosea. Tangu Desemba Theodosia anatoa matone mawili tu, kazeeka. Kichupa kisipofika mstari wa kipimo, wakubwa wanatafuta mkamuaji mwingine. Nikajazia sumu ya nyoka mwingine, swila, kama nilivyojazia maji kwenye maziwa ya mzee Malongo nilipokuwa nayauza. Njano kwa njano, nikasema nani atajua.

Nikinyamaza unafukuzwa wewe, nikisema nafukuzwa mimi. Leo nimedeki banda mara tatu na halikuwa chafu.

Kwenye boksi kuna kichupa kimoja, matone mawili, yake peke yake. Hakifiki mstari. Mpe profesa pamoja na barua hii. Jina nimeliandika lote, asiseme umeitunga. Mama nimemwambia atafute jembe la pili, la kwangu.

Theodosia nimemwomba radhi. Kama yule wa hesabu, hakujibu.

Mdogo wako,
Niyongabo Ndikuriyo,
mkamua nyoka