Kadi za Yusrah

Sesi, weka hiyo chai pembeni usome.

Unamkumbuka Bonifas, mwalimu wa taaluma, yule anayekiita kitengo chetu cha elimu maalumu "chekechea ya wazee"? Asubuhi kabandua kadi zangu nne za picha, katupa kwenye ndoo ya taka. Eti wageni kutoka wilayani wanakuja, zinachafua ukuta!

Tulia, tazama, jaribu, omba msaada. Miezi minane nawafundisha wanangu hizo kadi!

Wageni wakaingia. Mmoja akampa mwanafunzi wangu Yusrah funguo tatu afungue kabati. Bonifas akacheka: "Huyo hawezi, msijisumbue."

Huyo hawezi! Mtoto anasikia!

Yusrah akageukia ukuta. Mtupu. Nikasema basi, tumekwisha. Kumbe akainua vidole vinne. Akakunja kimoja, akatulia. Akakunja cha pili, akazitazama funguo. Cha tatu, akajaribu. Wa kwanza ukagoma. Wa pili ukagoma. Wa tatu, kabati hilooo, wazi!

Kikabaki kidole cha kuomba msaada. Akamfuata Bonifas.

"Shikamoo mwalimu. Naomba unisaidie kurudisha kadi zangu ulizotupa."

Sesi, ningeweza kumwokoa Bonifas. Thubutu!

Mgeni akasema, "Mwalimu, zirudishe." Bonifas akainamia ndoo ya taka na tai yake shingoni. Gundi nilimshikia mimi, kwa heshima zote.

Kadi ya kwanza ikakaa upande. Yusrah akamgusa bega: "Tulia, mwalimu. Tazama. Jaribu tena."