Vidole vya Mshika Shuka

Bi Zuhura,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo kisha nikaiweka kalamu chini, maana nimezoea kungoja marahaba yako, ile iliyokuwa haiji peke yake bila swali la kama nimekula. Nimekula. Wali wa jana na maharagwe ya nazi. Nimekaa chumbani kwangu Changamwe, kamera iko kitandani, na tangu asubuhi naizunguka kama mtu aliyegombana nayo.

Mwanao Nasra ameolewa. Hilo nilitaka ulijue mwanzo kabla ya mengine, kwa kuwa uliondoka ukilitamani. Yuko kwa mumewe Jomvu Kuu, mama mkwe wake anampenda, na juzi amenipigia simu kuniuliza ulivyokuwa ukipika mkate wa sinia. Mimi! Mimi ambaye ulinikataza hata kukoroga. Hayo ndiyo mazuri. Yaliyobaki nakuomba unisikilize mpaka mwisho, usinikatize.

Unaikumbuka ahadi. Tulikuwa tunarudi kutoka harusi ya Kisauni, miguu yako imevimba, viatu umevivua umevishika mkononi, ukasema kwa sauti ya kuagiza chumvi dukani: "Picha za ndani za Nasra utapiga wewe, niwepo nisiwepo." Nilicheka. Nikakwambia utakuwepo na utanigombeza mbele za watu kama kawaida yako. Ukahamishia viatu mkono wa pili. Ulijua, ama ulihisi, na mimi nikajifanya mjinga kwa sababu ndiyo njia niliyoiona karibu.

Mimi binti wa Mkamba, fundi wa malori wa Miritini, naenda kanisani kila Jumapili. Ni wewe uliyeniingiza katika vyumba ambavyo hata kaka wa bibi harusi haingii. Siku ya kupamba, wanawake peke yao, mabuibui yametundikwa, nywele ziko wazi, simu zote zimeachwa mlangoni kwenye kapu, na katikati yao mimi na kamera. Watu walinitazama, wakakutazama wewe, nawe ukasema tu, "Huyu wangu." Ikatosha. Kwa miaka yote ile sikuwahi kujiuliza neno hilo lingenifaa vipi siku ambayo wewe hungekuwepo kulisema.

Nilikuja kwako nikidhani najua kazi. Nilikuwa nimepiga mahafali, ubatizo, watoto wa jirani wakikata keki uani. Ukazitazama picha zangu zote, ukazirudisha, ukasema jua la Mombasa humfanya kila mtu ajione fundi, ingia ndani tuone. Nikaingia ndani. Bi Zuhura, ndani nilikuwa kipofu. Madirisha yamezibwa kwa mapazia mazito ili mwanamume yeyote asichungulie, mlango hauwezi kuachwa wazi, taa moja ya balbu inaning'inia juu na kuwatia watu vivuli chini ya macho. Nikiwasha flashi na kumwelekezea bibi harusi, uso unang'aa kama sahani na hina yote inapotea. Nisipoiwasha, napata ukungu.

Halafu ile nyumba ya kuta za kijani. Nilikuwa nimejifunza kuigeuza flashi ipige ukuta ili mwanga urudi umepoa, nikajiona nimeiva. Bibi harusi wa watu akatoka rangi ya mbaazi mbichi. Nilitaka ardhi inimeze. Wewe uliniketisha jikoni, ukanipa sambusa, ukaniambia, "Mwanga hauna rangi yake. Huazima kwa jirani." Kisha ukaitoa ile shuka yako nyeupe kwenye mkoba.

Ile shuka. Ilikuwa imefuliwa hata imeacha kuwa nyeupe, imekuwa kama maziwa yaliyochemshwa, na hapo ndipo ulipokuwa uzuri wake. Flashi ikiipiga, mwanga ulirudi na joto kidogo, ngozi za watu zikawa ngozi. Kila harusi ulimtafuta mwanamke mmoja wa kuishika, ukamweka pembeni, ukamwambia ainue, ashushe, anyooshe. Nasra alipokuwa mdogo, mshika shuka alikuwa yeye mwenyewe, akilalamika mikono inamuuma, akipewa halua ya kumnyamazisha. Na kila mara vidole vya mshika shuka vilipoingia kwenye picha, uliniambia vikatwe. Picha ya harusi haina mshika shuka, ulisema. Mgeni aone mwanga, asione ulikotoka.

Sasa nifike asubuhi ile. Nilikuja kwako Likoni kuchukua mizigo, tulikuwa na kazi ng'ambo ya feri. Mkoba ulikuwa sebuleni umeshafungwa, kamera zimejaa chaji, shuka umeikunja juu kabisa. Nikakuita. Dada yako Bi Saumu akaingia chumbani kukuamsha, akatoka, akautazama mkoba, akaivuta ile shuka, akarudi nayo ndani. Mimi nilikuwa bado nimesimama, nawaza kwa nini anaivuruga na wewe umeshaipanga. Ndivyo nilivyojua, Bi Zuhura. Ulifunikwa nayo mpaka watu wa kukuosha walipofika na sanda ikaletwa.

Baada ya matanga niliikuta imerudishwa kwenye mkoba, sijui na nani. Ilinuka karafuu maiti. Niliifua, nikaianika, nikaifua tena. Harufu ilipungua lakini haikwisha, na mimi sikuwa na moyo wa kuifua mara nyingine.

Kwa harusi ya Nasra nilinunua shuka mpya. Nilijiambia kwamba kitambaa ni kitambaa. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilijua wanavyosema watu juu ya vitu vilivyogusa maiti, na nilijua mimi si wa kuanza ubishi huo katika nyumba isiyo yangu. Ile yako nikaiweka chini kabisa ya mkoba, kwa nini niliibeba siwezi kukwambia.

Ukumbi wenyewe ungekutoa machozi. Uko Kisauni, umejengwa juzi, na mpambaji aliufunika wote, dari na kuta, kwa kitambaa cha zambarau. Taa za zambarau pia, na nyingine zinazogeuka, mara nyekundu mara buluu. Nasra amekaa kwenye kiti chake, macho chini kama inavyotakiwa, mikono juu ya mapaja, hina na piko jeusi mpaka kwenye viwiko, amependeza hata nikasahau kupumua. Nikainua kamera. Zambarau. Nikaifungua kamera imeze mwanga wote inaoweza kumeza, picha ikajaa chengachenga. Nikamwita binti mmoja aishike shuka mpya. Ilikuwa inang'aa kwa upya, ule weupe wenye ubuluu ndani yake, na uso wa mwanao ukatoka kama umepakwa majivu.

Nilipiga, nikabadilisha, nikapiga tena. Jasho likanitoka mgongoni. Wanawake wakaanza kunitazama vile walivyonitazama siku ya kwanza, ila safari hii hapakuwa na wa kusema huyu wangu. Nilijua kabisa kwamba nikiharibu hii, ya binti yako, hakuna nyumba itakayonifungulia chumba cha ndani tena, na hilo hata halikuwa kubwa. Kubwa ni kwamba kupamba ni mara moja. Nasra hangekaa tena kwenye kile kiti ili mimi nijifunze.

Nikasogea kumrekebisha mtandio. Bila kuinua macho, midomo haijatikisika, akaninong'oneza: "Da Mwende, hiyo si ya mama."

Nikamwambia najua. Akaniuliza ya mama iko wapi. Ningeweza kusema nimeiacha Changamwe. Nikasema iko mkobani.

Bi Saumu alikuwa karibu, alisikia. Unamjua dada yako, hapandishi sauti. Alinishika mkono kwa upole, akanivuta kando hatua chache, lakini ukumbi ulikuwa umeshanyamaza, kila mtu akasikia. "Mwanangu," akaniambia, "we ni mtu wa bara, mambo haya huyajui, si makosa yako. Nguo iliyofunika maiti haikunjuliwi harusini." Alikuwa akiniambia kwa adabu kwamba mimi si wa pale, na sikuona uongo ndani yake. Nikainama kuchukua shuka mpya.

Ndipo Nasra akasema. Hakupaza sauti, wala hakuinua uso. "Mama mkubwa, mimi nimewashikia watu nguo ile tangu sijaanza kufunga Ramadhani. Leo mimi nani atanishikia?"

Nataka nikwambie kwamba watu walipiga vigelegele. Hawakupiga. Bibi mmoja alikuwa anasoma dua kwa midomo, mwingine akatoka nje, na mama mkwe wa Nasra alikuwa akiyatazama maua ya pale mbele kana kwamba hajawahi kuona maua. Nilimwogopea Nasra. Niliogopa kwamba siku moja mtoto akiugua, ama mume akipoteza kazi, mtu atakumbuka siku hii na kunyoosha kidole. Bado naogopa.

Bi Saumu alikwenda kwenye mkoba mwenyewe. Alitoa lenzi, akatoa nyaya, akaziweka chini moja moja, mpaka akaifikia. Akaiweka usoni. Alikaa hivyo muda mrefu, mgongo ametugeuzia, na mabega yake yalivyoinama sikuyapenda. Kisha akageuka, macho makavu, akaniambia, "Haya. Nambia nisimame wapi."

Nikamwonyesha mahali, kushoto, karibu. Akaiinua. Mikono ilikuwa inamtetemeka, na shuka ikitikisika mwanga unakwenda kombo, nawe ungemwambia atulie. Mimi sikuweza. Nikageuza flashi, nikaipigia hapohapo inapotikisika.

Picha ya kwanza, nusu ya uso ilikuwa gizani. Ya pili, mtandio ulimeza mwanga wote. Ya tatu, Nasra aliinua macho. Najua kwamba hairuhusiwi, bibi harusi hatazami watu, na wewe ungekuwa wa kwanza kumkonyeza ayashushe. Lakini hakuwa akiwatazama watu, wala mimi. Alikuwa akiitazama shuka. Ngozi yake ikarudi kuwa ngozi yake, zambarau ikabaki nyuma huko kwenye mapazia yao, na hina ilionekana hata yale maua madogo kwenye kifundo cha mkono. Niliitazama kwenye kioo cha kamera nikajua nimeipata, na sikufurahi. Nilitaka kukuonyesha wewe, na kila nikigeuka nilimwona mtu mwingine.

Nyingine nilizopiga siku ile si nzuri. Sikufichi. Za wageni nyingi zina rangi ya bilinganya, na nimezihangaikia kwenye kompyuta mpaka macho yakauma. Tena maneno yametoka. Familia moja ya Kisauni iliyokuwa imeshanichukua imetuma ujumbe kwamba wamepata mpigaji mwingine, ndugu yao. Labda kweli ni ndugu yao. Bi Saumu aliondoka na shuka chini ya buibui lake na hajairudisha. Nilikwenda Likoni kumwamkia, akanipa chai na mahamri, akaniuliza hali ya baba, tukazungumza juu ya feri na joto, na hakuna aliyeitaja. Mlango wa chumba chako ulikuwa wazi, nikaiona imetandikwa kwenye kitanda anacholalia yeye sasa. Sikuomba. Ningeombaje?

Kwa hiyo sina shuka, Bi Zuhura. Ile mpya nimeanza kuifua. Naifua kila nikifua nguo zangu, naianika juani, naipima mwanga, bado ina ubuluu. Baba amenikuta nikiiloweka kwenye maji ya majani ya chai, akaniuliza kama nimerukwa na akili. Labda. Itachukua miaka kuwa kama yako, na sijui kama nitakuwa nimebaki na wa kumpigia.

Leo asubuhi nimeketi kuitengeneza ile picha, maana Nasra anaitaka kabla ya kwisha mwezi. Hakuna atakayeiona isipokuwa yeye na wanawake wake. Hata huku chumbani nimefunga mlango na kushusha pazia, kama ulivyonifundisha. Nilianza na pembe ya kushoto, kwa mazoea, kwa sababu vidole vya mshika shuka vimeingia. Vinne, vimekaza ukingo wa kitambaa. Piko kwenye ncha. Na kile cha mwisho kimepinda kidogo kuelekea nje.

Miaka yote ile sikuwahi kuitazama mikono ya Bi Saumu. Nilikuwa naitazama yako. Kile kidole chako kilichopinda, ulichokuwa ukinionyeshea makosa yangu, nilidhani kilivunjika utotoni. Kumbe ni cha ukoo. Nikatazama mikono ya Nasra iliyolala mapajani, na chake ni hivyohivyo.

Sikuweza kufanya kazi tena. Ndipo nikachukua kalamu.

Mungu akulaze pema, mwalimu wangu. Harusi zitakazokuja, kama zitakuja, nitafanya ulivyonifundisha: sitampiga mtu taa usoni, nitaulizia jirani wa mwanga kabla ya kuuwasha, amana za watu, hizi picha zao za ndani, nitazifunga, na vidole vya mshika shuka nitavikata kila vitakapoingia. Nakuahidi.

Hivi vinne tu, Bi Zuhura, nimeviacha.

Wako,
Mwende