Siku Moja Mombasa, Nyumba Saba

Jumamosi, Mishomoroni

Nimetoka Dodoma kuja kuona bahari, nimeona makochi!

Nilikuwa na siku moja tu kabla ya kurudi chuoni. Nimeshavaa viatu, Mama Mdogo akanizuia mlangoni: "Uende pwani na hujawaamkua wazee? Wataninunia mimi, wallahi."

Basi, nyumba saba. Kila nyumba shikamoo, kila nyumba mahamri, na nikiinuka naambiwa, "Kaa, mwanangu, una haraka gani?" Ya mwisho ni ya Bi Zuhura, shangazi aliyemlea mama. Haoni. Alinipapasa uso mzima huku akizungumza. Jua likazama nimeshika kikombe.

Mama hajarudi huku tangu aolewe. Aliniomba kitu kimoja: picha ya pwani ya Bamburi, alikokuwa akicheza utotoni. Sina. Kwa hasira nikamtumia picha ya Bi Zuhura kwenye kochi, nikaandika: "Mombasa yako ndiyo hii."

Akapiga papo hapo, analia. "Amezeeka hivyo? Ameniulizia? Amesemaje?"

Bibi wa watu alipokuwa akizungumza, mimi nilikuwa naangalia saa.