Glasiere ya Papa Mukengere

Jumatatu, 10 Juni 2024

Sprinti imeanza. Siku tano, watu watano, meza moja, tatizo kwisha — ndivyo walivyonifundisha Kigali, na mimi nikarudi Kamembe kichwa juu. Glasiere zetu, masanduku ya barafu ya kubebea sambaza, samaki wadogo wa ziwani, mpaka Bukavu, zimejaa atelye yote ya kuzitengenezea hadi mlangoni. Wamama wauza samaki wananunua moja, ya pili hawaitaki. Maman Patricie yake ameigeuza kiti! Papa Mukengere, baba mkwe wangu, ndiye mwenye atelye. Amesema Ijumaa tuwe na jibu, ama tunafunga. Nilitaka kusema siku tano si muujiza. Jules, mume wangu, akanikanyaga mguu chini ya meza.

Jumanne, 11 Juni

Kutwa kuchora. Ghislain fundi anataka kifuniko chepesi. Clarisse muuzaji wetu anataka mikanda ya mgongoni. Papa — mapine, yaani magurudumu. Glasiere ya kukokota! Kwenye njia zetu hizi, milima na mawe! Nikamwambia, "Ni wazo zuri, Papa." Mdomo wangu huu!

Jumatano, 12 Juni

Kura. Kila mtu kibandiko kimoja, kimya, bila kutazamana. Ndiyo sheria. Papa akainuka wa kwanza, akabandika kwenye mapine yake, halafu akabaki amesimama palepale, anatuangalia. Nani angempita? Ghislain, mapine. Clarisse, mapine. Jules, mapine. Na mimi mwendeshaji wa sprinti, niliyeimba tangu Jumatatu kwamba kila mtu ana sauti yake — mapine.

"Munaona?" Papa anacheka. "Tuko roho moja."

Nimechoka. Sina hata hamu ya kula.

Alhamisi, 13 Juni

Ghislain amefunga mapine ya kigari cha mtoto. Yanalia.

Jioni nikapita sokoni kununua sambaza. Mama mmoja anauzia kwenye glasiere yetu, sambaza zimelala juu ya barafu, safi kabisa. Nikampita. Nikaenda kwa mwenye beseni. Nimeshalipa ndipo nikashtuka. Mungu wangu, nimefanya nini? Nimeiruka glasiere yangu mwenyewe!

Kwa sababu samaki wa barafu ni wa jana. Nani hapa hajui? Sambaza za leo zinakaa wazi kwenye beseni, zinang'aa, unazigusa. Ukiweka barafu umeshawaambia watu zimelala. Si kifuniko, si mikanda, si mapine! Wiki nzima tunatengeneza kitu kinachowafukuzia wamama wateja wao.

Nimemwambia Jules. Kaniambia: Papa anauza shamba la Gashonga ili atengeneze glasiere za mapine. Mnunuzi anakuja kesho. Muhogo, maharage, ndizi, vyote tunavyokula vinatoka huko! Nikasema, mwambie baba yako. Akasema, sprinti ni ya kwako. Akageukia ukutani.

Ijumaa, 14 Juni

Wamama watano wamekuja kujaribu. Papa mwenyewe kawapokea, kawapa Fanta. Wakaikokota uani, kwenye simenti laini.

"Iko muzuri, Papa!"

"Aksanti, Papa, Mungu akubariki!"

Nikamvuta Maman Patricie pembeni, nikamuuliza kama atainunua. Akatazama chini, akaniuliza batoto banaendelea je. Basi, nimeelewa.

Mnunuzi wa shamba amefika, amekaa, kalamu mkononi. Nikajikaza: "Papa, naomba tuongee kidogo, wawili tu." Akanishika bega, akasema kwa sauti, wote wasikie: "Tuongee nini tena? Mukamwana wangu huyu, muke ya Jules, alienda kusoma, ametuletea akili. Bila yeye tungekuwa tumefunga. Sandrine, tuombee, ndipo tusaini."

Vichwa vyote chini. Nikasema nanawa mikono, nakuja. Niko chooni, naandika kwenye simu. Tangu niolewe hajawahi kunisifu mbele ya watu. Hata mara moja. Na lazima iwe leo!

Jules anagonga mlango, polepole.

"Sandrine, toka. Papa bado amesimama. Amefumba macho, anakungoja."